Mtungi wa Bi Somoe

Mtungi umo ndani ya mtungi,
katikati mchanga uliolowa,
juu nusu ya gunia la korosho.
Ndimo inamolala insulini ya mama
hapa Newala, ambako friji ya jirani
hufanya kazi umeme ukitaka.

Mwaka wa sabini na tisa mjomba Chitanda
alikwenda hospitali kwa miguu,
mdomo mkavu, anakojoa kutwa kucha,
sisimizi wakimfuata chooni kama wadai.
Daktari akashika kichupa, na kwa kuwa alikuwa mkweli
akasema: hii imetoka kwenye kongosho la nguruwe.
Mjomba akavaa kofia yake, akashukuru,
akapanda mlima.
Korosho za mwaka ule hakuziokota.

Na wakati uleule, huko nchi za baridi,
watu wa makoti meupe walikuwa wanamfundisha mdudu
asiyeonekana, mpangaji wa utumbo,
kusoma mstari mmoja wa mwili wa binadamu.
Mstari mfupi. Wakaukata, wakaubandika,
naye akausoma bila kuuelewa,
kama sisi watoto wa chuoni na mbao zetu,
na kilichomtoka kikawa dawa.
Baadaye wakaifundisha na hamira.

Nilimweleza mama siku ya sindano ya kwanza.
"Hamira gani?"
Ya mandazi.
Akanyamaza. Ana akili mama yangu.
"Ndiyo inayochachusha mabibo?"
Ndugu yake, mama.
"Basi mnanidunga uraka."

Nilicheka, yeye hakucheka.
Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa na pipa nyuma ya jiko.
Msimu wa mabibo nyumba nzima ilinuka utamu ulioharibika,
povu likipanda usiku, likizungumza peke yake,
na wanaume wakija na vibuyu na visingizio.
Mama amekua akilionea aibu pipa lile.
Nikamwambia, mapipa ni yaleyale,
ila ya huko ni ya chuma, marefu kama ghorofa,
yanapimwa joto kama mtoto mgonjwa,
na mle ndani chachu inakula sukari
ili sukari isikule wewe.
Halafu husafishwa. Husafishwa hata hamira yenyewe haibaki:
kibarua ametoka shambani,
korosho ndizo zilizo ghalani.

Hapo akanyoosha mkono.

La mwenye shamba sikumwambia.
Kwamba mstari ule, ambao sote tumezaliwa nao bure,
ulipatiwa hati, na mihuri, na mawakili;
kwamba kilichoanza na watu wachache, meza na deni
leo kina majengo yanayong'aa usiku,
kina wanahisa, kina bei,
na bei huupanda mlima wetu
bila kupumzika njiani.
Kichupa kimoja, kilo tisa za korosho, mnada ukiwa mzuri.
Mnada wa mwaka jana haukuwa mzuri.
Hamira haidai mshahara.
Nani basi anaula?

Mjomba naye ninamfikiria, pale nusu ya mlima,
amekaa juu ya jiwe, kofia magotini.
Miaka michache tu. Angechelewa kuugua
miaka michache tu.

Leo alfajiri nimemkuta mama uani.
Dumu lilikuwa moja, nalo robo,
gari la maji halijapita tangu Jumanne.
Alikuwa amepiga viganja ukutani, anapangusa uso,
anatayamamu.
Maji yale aliyamimina polepole kwenye mchanga wa mtungi,
akizunguka, akizunguka, asiache pakavu,
kama anayemwogesha mtu.
"Mgeni kwanza," akasema,
kisha akanigombeza kwa kuacha banda la kuku wazi.